Wali wa Nazi na Pampu ya Binti Yangu

Kabla binti yangu hajala, wali wake unapita kwenye mizani ya jikoni. Gramu 150 za wali mweupe zina takriban gramu 42 za wanga. Kwake yeye kwa sasa, yuniti moja ya insulini inatosha gramu 12, kwa hiyo pampu inamtilia yuniti 3.5. Wali wa nazi una hesabu yake. Mafuta ya tui huchelewesha chakula tumboni, na sukari hupanda baadaye, dozi ya mwanzo ikiwa imeshapungua nguvu. Hapo ndipo pampu inapoishinda sindano: naiagiza itoe sehemu sasa, iliyobaki iidondoshe kidogo kidogo kwa muda wa saa mbili. Sikukubali mtoto akue bila chakula cha kwao.

Sisi ni watu wa Mombasa tunaoishi Leicester, Uingereza. Binti yangu ana kisukari cha aina ya kwanza: kinga ya mwili wake imeziangamiza seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Peremende hazikumletea, wala mapishi yangu. Nalisema hili wazi kwa sababu akina mama wenzangu wanabebeshwa lawama hiyo hadi kwenye harusi za watu.

Pampu inaingia mfukoni. Mrija mwembamba unatoka humo hadi kwenye kanula, kijibomba laini kilicho chini ya ngozi ya tumbo, ambacho hubadilishwa kila baada ya siku mbili au tatu. Mkononi amebandikwa sensa inayosoma sukari kila baada ya dakika chache; ikielekea kushuka, pampu yenyewe hupunguza insulini au huisimamisha. Kengele ikilia usiku kwa kuwa sukari iko chini ya milimoli 4 kwa lita, mimi au baba yake tunamwamsha anywe juisi, tunangoja dakika 15, tunapima tena.

Wageni hudhani mashine imetupumzisha kabisa. Sivyo: insulini iliyomo ni ya haraka tu, mwilini hamna akiba ya kumvusha. Kanula ikikunjika au mrija ukichomoka anapocheza, ndani ya saa chache sukari hupaa na ketoni, tindikali zitokanazo na mwili kuyeyusha mafuta, huanza kujaa damuni. Akitapika wakati huo, simpi maji ya tangawizi nikangoja kukuche. Napima ketoni na kumdunga insulini kwa kalamu, kisha nampigia muuguzi wake.

Pampu hii hatukuinunua. Huduma ya afya ya umma ndiyo inayoigharamia, na tangu Desemba 2023 mwongozo wa hapa unapendekeza pampu na sensa zinazowasiliana kwa watoto wenye ugonjwa huu. Nyumbani Mombasa, wazazi wengi bado wanahangaikia chupa ya insulini na vijiti vya kupimia, na wasio na friji huihifadhi ndani ya chungu cha udongo kilicholoweshwa maji. Hilo linaniuma, maana watoto wao wanaihitaji insulini kama huyu wangu.

Tukienda likizo Mombasa, insulini yote nabeba mkononi ndani ya ndege. Mama yangu ameshajifunza: mjukuu akitetemeka na kutoka jasho, ampe juisi papo hapo, pampu asiiguse. Binti yangu akitaka kuogelea ufukweni Nyali, pampu huvuliwa kwa muda usiozidi saa moja, nayo hukaa na bibi kivulini, kwa kuwa joto huiharibu insulini.