Kulala Ukingoni mwa Msitu wa Kakamega

Msitu wa Kakamega, ulio magharibi mwa Kenya katika mwinuko wa mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ni masalio ya mashariki kabisa ya ukanda wa misitu ya mvua ambao zamani ulitandaa kutoka Afrika Magharibi kupitia bonde la Kongo, na ndiyo maana una ndege, nyoka na miti isiyoonekana kwingineko nchini. Wageni wengi huufikia kutoka Kisumu, mji ulio umbali wa kilomita 50 hivi, wakaingia saa nne au saa tano asubuhi, wakatembezwa kwa muda mfupi, kisha wakaondoka kabla mvua haijawakuta, huku wakinung'unika kwamba hawakuona la maana. Manung'uniko hayo ni ya kweli, ila msitu hauna kosa, kwa kuwa una saa zake, na saa hizo humfaa aliyelala papo hapo.

Kabla jua halijachomoza, mbega, yaani kima weusi wenye manyoya marefu meupe ubavuni na mkiani, hunguruma kundi baada ya kundi, kila moja likiyajulisha mengine mahali lilipo. Jua likishapanda kidogo, hondohondo, ndege wakubwa wenye pembe juu ya mdomo, huruka kutoka mti mmoja wenye matunda hadi mwingine, na uvumi wa mbawa zao husikika hata pale majani yanapowaficha. Kufikia adhuhuri wanyama wengi huwa wametulia kivulini, na alasiri, unyevu wa Ziwa Viktoria unapokuwa umejikusanya angani, ngurumo huanza na mvua hushuka. Mtalii wa mchana basi hujikuta kati ya ukimya na matope.

Malazi ya bei nafuu yako pande mbili. Kaskazini, katika eneo la Buyangu, ambalo ni sehemu ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1985 na ambayo sasa iko chini ya Shirika la Wanyamapori la Kenya, kuna mabanda yanayoitwa kwa jina la Udo, na banda kwa maana hii ni kijumba cha msonge kilichoezekwa kwa nyasi. Kusini, huko Isecheno karibu na soko la Shinyalu, msitu uko mikononi mwa shirika la misitu la serikali, na huko mgeni amezoea kupata vijumba vya wenyeji pamoja na nyumba ya zamani ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo. Anayetaka bustani na shuka zilizopigwa pasi ataelekezwa Rondo, kituo cha mapumziko cha Kikristo kilichomo msituni, lakini huko si malazi ya kawaida tena.

Ndani ya banda hakuna mengi ya kueleza: kitanda, godoro, chandarua ambacho kisipuuzwe kwa sababu malaria ingalipo katika nyanda hizi, na taa ya mafuta au tochi ya mgeni mwenyewe. Maji ya kuoga huchemshwa kwa kuni yakaletwa kwa ndoo, na choo ni cha shimo, hatua kadhaa kutoka mlangoni. Jambo la kuzingatia zaidi ni chakula. Katika vijiji vya wapanda milima vya Nepal, mwenye nyumba hulaza wageni kwa bei ndogo akitegemea faida ya jikoni, hivyo mgeni anayelala kwake hutarajiwa kula kwake. Kakamega kitanda, chakula na mwongozaji hulipiwa kila kimoja peke yake, na pesa huangukia mikono tofauti. Anayetaka kuku wa kienyeji, ambaye Waluhya humwita ingokho na humheshimu mgeni kwa kumchinjia, hana budi kumwarifu mpishi mapema asubuhi, kwani kuku huyo atanunuliwa kijijini, atachinjwa, kisha atachemka kwa muda mrefu kabla hajaandaliwa kwa ugali na mrenda. Wanaobeba mikate na makopo kutoka mjini huokoa kiasi kidogo sana, na hukosa mlo bora kuliko ule wa hoteli nyingi.

Waongozaji, ambao wengi wao ni vijana wa papo hapo, hutaja miti kwa Kiluhya na kwa majina ya kisayansi bila kusita, na humwonyesha mgeni mukombero, mtambaa ambao mizizi yake yenye harufu tamu hutafunwa na kuuzwa hadi Nairobi. Matembezi yanayopendwa zaidi upande wa kusini ni ya kupanda kilima cha Lirhanda alfajiri ili kuona jua likitokea juu ya miinuko ya Nandi. Ubavuni mwake kuna handaki lililochimbwa na watafuta dhahabu waliomiminika Kakamega mwanzoni mwa miaka ya 1930, na sasa wakazi wake ni popo.

Usumbufu mmoja hautajwi mgeni anapoweka nafasi, nao ni siafu. Mvua ikizidi, msafara wao huweza kupita chini ya mlango usiku na kupanda ukutani hadi kwenye paa la nyasi, na mtunza mabanda mzoefu, badala ya kupigana nao, humwomba mgeni achukue blanketi akakae jikoni kwa saa moja au mbili, kwa kuwa siafu wakishamaliza mende na buibui wote waliomo huondoka wenyewe.