Mpiga Picha wa Harusi ni Shahidi, Basi Achaguliwe Kama Shahidi

Ndoa moja ya Kabondo, hapa Kisangani, kwa kawaida hufungwa zaidi ya mara moja. Familia mbili hukutana kwanza kwa ajili ya mahari. Baadaye maarusi huenda komini, mbele ya afisa wa serikali. Kisha huja kanisa au msikiti, na usiku watu hujaa ukumbini. Hata Sheria ya Familia ya Kongo, iliyotungwa mwaka 1987 na kurekebishwa mwaka 2016, inakipa kikao cha mahari uzito wake: afisa hafungishi ndoa kabla angalau sehemu ya mahari haijatolewa. Kwa hiyo anayekodiwa kupiga picha za harusi anakodiwa kwa shughuli kadhaa, mahali mbalimbali, pengine kwa siku tofauti, mbele ya wazee ambao huenda wasikutane tena wote pamoja. Hata hivyo, watu wengi humchagua kwa ukubwa wa kamera iliyoning'inia shingoni, au kwa picha chache za kupendeza alizoweka Facebook. Mambo hayo mawili hayatoshi kuonyesha kwamba anaiweza kazi. Mpiga picha wa harusi ni shahidi, na sifa za shahidi zinajulikana: awepo, aone vizuri, aseme yote bila kupunguza wala kuongeza, na ushahidi wake udumu.

Kuona vizuri katika mji huu si jambo dogo. Kisangani iko karibu nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta. Mchana huchukua takriban saa kumi na mbili mwaka mzima, na jua la adhuhuri husimama karibu na utosi, likiangusha kivuli cha paji la uso juu ya macho. Jioni nayo haikawii: jua likishazama, giza huingia upesi. Bahati mbaya ni kwamba maarusi wengi hutoka komini jua likiwa kali, na huingia ukumbini giza likiwa limekwisha kutanda. Juu ya hayo kuna mvua za ghafla, na umeme wa kituo cha mto Tshopo, ambao hautoshelezi mji mzima na hukatika keki ikiwa bado mezani. Mpiga picha aulizwe mapema atafanya nini katika kila hali. Jibu lake liwe la vitendo: atawasogeza maarusi kwenye kivuli cha ukuta au cha mwembe, atakuja na taa zake na betri zilizojaa, na amekwisha kupatana na mwenye ukumbi kuhusu jenereta. Anayejibu kwamba mambo yatajipa huenda hajafikiria bado.

Tatizo jingine limo ndani ya kamera yenyewe. Kipimo chake cha mwanga hudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, kina weupe wa kijivu cha wastani. Gauni jeupe likijaza picha, kamera huipunguzia mwanga picha nzima, na uso wa bibi harusi mwenye ngozi nyeusi hubaki giza lisilo na sura. Suti nyeusi zikitawala, kamera huongeza mwanga, na maua ya gauni hupotea katika weupe mtupu. Historia ya ufundi huu haikutusaidia. Kwa miongo kadhaa, maabara zilizosafisha filamu za Kodak zilitumia kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi sahihi. Kamera za leo zimeendelea sana, lakini bado zinamhitaji mtu anayejua lini asizitii. Mtu huyo hutambulikana kwa kazi zake: katika picha moja, nyuzi za gauni zinaonekana, na macho ya bibi harusi pia yanaonekana.

Ndiyo maana ombi muhimu kuliko yote ni kuonyeshwa harusi moja nzima, kuanzia kikao cha mahari hadi ngoma za mwisho, iliyopigwa Kisangani au katika mji wenye hali kama hizi. Mtu aliyepiga picha kwa miaka mitano hakosi picha kumi za ajabu. Harusi nzima haifichi kitu. Humo utaona kama alifika kabla wageni hawajaketi, kama nyuso za safu ya nyuma zinatambulikana, kama wazee walipigwa kwa heshima au waligeuzwa kuwa mapambo ya nyuma ya maarusi. Tazama hasa nyakati zisizorudiwa: mikono inapokabidhiana mahari, bibi harusi anapoulizwa kama anakubali, sahihi inapotiwa kwenye kitabu cha komini. Akizikosa hizo na kukuletea picha mia mbili za maarusi wakitabasamu kwenye maporomoko ya Wagenia, atakuwa amekuletea urembo, na harusi yenyewe haimo.

Kusema yote kunadai pia kujua mila. Mjini humu wanaoana Walokele, Watopoke, Wambole, Wakumu, Wanande waliohamia kutoka mashariki, na wengine wengi, mara nyingi kabila moja na jingine. Taratibu zao hazifanani, wala watu wanaostahili kupewa nafasi ya mbele si walewale. Mpiga picha si lazima awe wa kabila lenu, lakini ni lazima aulize. Ketini naye pamoja na shangazi au mjomba mmoja anayejua mambo, mwandikieni orodha ya wazee na ya matukio. Na kutokuongeza nako kuna maana yake. Mwambieni waziwazi asiwang'arishe ngozi anaporekebisha picha kwenye kompyuta. Mtoto atakayezaliwa ana haki ya kumwona mama yake alivyokuwa siku ile, katika rangi yake mwenyewe.

Mwisho, ushahidi udumu. Kisangani inajua vizuri kuliko miji mingi jinsi kumbukumbu zinavyopotea: Juni mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana hapa kwa siku sita, familia nyingi zilipoteza nyumba pamoja na vilivyokuwamo. Siku hizi kupotea hakungoji vita, kwani simu ikiibwa au kompyuta ikiharibika inatosha. Muulize mpiga picha anahifadhi wapi picha baada ya harusi, na kwa muda gani. Afadhali kamera inayoandika kwenye kadi mbili kwa pamoja, kisha nakala kwenye diski, nakala nyingine mikononi mwenu, na albamu ya karatasi kwa wazazi. Inawezekana: Zanzibar, duka la picha la Capital Art Studio lililoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 lilitunza picha zake hata mwanawe, Rohit, akazirithi pamoja na kazi. Faida si ya moyo tu. Cheti cha ndoa ndicho kinachothibitisha ndoa kisheria, lakini mwenzi akija kuomba kumfuata mwenzake ng'ambo, nchi kama Kanada humtaka aonyeshe pia picha za maisha yao pamoja. Picha za kikao cha mahari, zenye wazee wa pande zote mbili, zina uzito mahali kama hapo.

Pingamizi la kwanza ni pesa, na ni pingamizi la haki. Harusi inalemea familia, na mtu atauliza kwa nini alipe wakati binamu ana simu nzuri. Ni kweli kwamba ukubwa wa kifaa si hoja. Jean Depara, aliyekuja kuwa mpiga picha mashuhuri wa maisha ya usiku ya Kinshasa, alinunua kamera ndogo ya Adox mwaka 1950 kwa ajili ya harusi yake mwenyewe. Tatizo la binamu ni kwamba naye ni mwanafamilia: ataitwa kupokea wageni, atacheza, atakula, na shahidi atakuwa ameondoka mahali pake. Fedha zikiwa chache, punguzeni saa na msipunguze ubora. Mkodini mtu hodari kwa mahari na komini, halafu ukumbi muwaachie wenye simu. Wanaofunga ndoa ndogo, komini tu na mashahidi wachache, nao wasidhani kwamba hawahitaji mtu. Pale macho yanapokuwa machache, picha hubeba mzigo mkubwa zaidi, na saa mbili za fundi mzuri hazifikii gharama ya siku nzima.

Pingamizi la pili ni kwamba kuandikiana karatasi kati ya watu wanaojuana ni kutoaminiana. Lakini mahari yenyewe hujadiliwa kipengele kwa kipengele mbele ya mashahidi, na hakuna anayeona ametukanwa. Ukurasa mmoja unatosha: tarehe na mahali, atakayekuja ni yeye mwenyewe au msaidizi wake, saa za kazi, idadi ya picha na siku ya kuzikabidhi, bei kwa dola au franka, avansi na salio, mvua ikinyesha au tarehe ikibadilika itakuwaje, na kama anaruhusiwa kuweka nyuso zenu kwenye mitandao. Karatasi hiyo inamlinda na yeye pia, kwa kuwa wapo maarusi wanaopokea picha na kusahau salio.

Familia zinapoketi kupanga bajeti, mpiga picha asiachiwe mabaki baada ya bia, viti na muziki. Chakula huisha usiku uleule, na kitenge cha sare huchakaa. Picha ndizo zitakazouliziwa na wajukuu. Basi mtafuteni mapema, muoneni ana kwa ana, daini harusi nzima, sikilizeni anavyojibu maswali ya mwanga, mila na hifadhi. Aliyejibu vizuri na akawa tayari kutia sahihi ndiye wenu, hata kama kamera yake si mpya kuliko zote mjini.