Tusisubiri Msiba Ndipo Tusaidiane

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu Waislamu, mitaa yetu inao wema ambao hatuna budi kumshukuru Allah kwa ajili yake. Anapofariki mtu, majirani hufika mapema. Turubai hufungwa, mikeka hutandikwa, sanda hununuliwa, daftari la michango hupita mkono kwa mkono, na jeneza halikosi mabega. Hayo ni katika haki za maiti juu ya walio hai.

Lakini tujiulize kwa insafu: marehemu huyo alipokuwa kitandani miezi mitatu, daftari lile lilikuwa wapi? Mara nyingi mkewe alikosa nauli ya kumpeleka hospitali na deni la dukani likazidi kukua, ilhali sisi tulisimama mlangoni, tukajulia hali, tukamwombea shifaa na kwenda zetu. Dua ni jambo kubwa, ila haimzuii mwombaji kunyoosha mkono.

Tuutazame mfano wa Maash'ari, watu wa asili ya Yemen, ambao habari zao zimepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa Al-Ash'ari (R.A.). Chakula chao kilipopungua vitani, au familia zao zilipopungukiwa mjini Madina, walikusanya walichokuwa nacho wote katika nguo moja, kisha wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja. Mtume (S.A.W.) aliwasifu na kujinasibisha nao. Tuzingatie kwamba walikusanya chakula kilipopungua, hawakungoja kwanza watu wafe kwa njaa. Tena aliyeleta kingi na aliyeleta kidogo walipimiwa kwa chombo kile kile, hivyo hapakuwa na mtoaji wa kujigamba wala mpokeaji wa kuinamisha kichwa.

Kulinda heshima ya mwenye shida ni sehemu ya msaada wenyewe. Baada ya Hijra ya mwaka 622, Mtume (S.A.W.) aliunga udugu baina ya Muhajirina na Ansari. Saad bin Rabii (R.A.) alijitolea kumpa Abdurrahman bin Auf (R.A.) nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, akataka aonyeshwe soko lilipo, akaanza kuchuma kwa kuuza samli na jibini. Kumbe wapo wenye shida ambao hawahitaji kulishwa, bali kuonyeshwa njia, kukopeshwa mtaji mdogo, au kuongezewa muda wa kulipa deni. Suratul Baqara, aya ya 280, imeelekeza kwamba mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula, na kumsamehe ni bora zaidi.

Wala asiye na fedha asijitoe katika kheri hii. Suratul Maun, yenye aya 7 tu, imewakemea wanaoswali kwa ria huku wakizuia msaada mdogo. Ibn Masud (R.A.) aliueleza msaada huo kuwa ni vitu ambavyo watu huazimana, kama vile shoka, chungu na ndoo. Basi kumchotea maji anayeuguza, kumpikia chakula cha jioni, au kukesha na mgonjwa usiku mmoja ili mkewe apate usingizi, yote hayo ni mzigo uliopunguzwa.

Kwa hiyo, kila familia ikae usiku wa leo na kujiuliza: ni nani katika majirani zetu anauguza, ana deni, au analea mayatima peke yake? Watu wa nyumba nne au tano wakipanga zamu, bila kutangaza wala kupiga picha, mzigo uliomlemea mmoja huwa mwepesi kwa wote. Tumfikie ndugu yetu angali hai, ajue kwamba hakuachwa.

Tunamwomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaoondoleana dhiki. Amin.

Wabillahi tawfiq.