Nishani ya Babu: Isuguliwe au Iachwe na Utando Wake?

Imetufikia suala kutoka kwa mama mmoja wa Kisauni ambaye asili ya ukoo wake ni Mbooni, katika milima ya Makueni. Babu yake alikuwa askari wa Keya, akapigana Burma, na akawaachia wajukuu beji moja ya kofia na nishani mbili. Mwana wa mama huyu, kijana wa sekondari, ataka kuzisugua mpaka zimetemete kabla ya ukoo kukutana Desemba. Shangazi mkubwa aliyebaki Mbooni amekataa katakata. Asema zikisuguliwa hatazijua tena kuwa ni za babake. Mama atuuliza: ni yupi kati ya hao mwenye haki?

Jawabu letu ni kwamba haki iko kwa shangazi. Hata hivyo, hoja ya kijana si ya kutupwa, nasi twapenda kuanza nayo.

Kijana asema: babu mwenyewe alizing'arisha. Ni kweli. Keya, yaani King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, lilikuwa jeshi la gwaride na ukaguzi, na askari aliyetokea na shaba iliyofifia hakusalimika na adhabu. Basi kumwona babu amefifia ndani ya mkebe ni kama kumvunjia heshima. Sisi twaifahamu hisia hiyo. Lakini kusugua kwa babu kulikuwa sehemu ya utumishi wake. Pale ambapo ncha za beji zimelika na maandishi yamelainika, ni kidole gumba chake na kitambaa chake vilivyopita hapo, asubuhi baada ya asubuhi. Kijana akisugua leo ataongeza kulika kwake juu ya kulika kwa babu, na baada ya hapo hakuna jicho litakaloweza kuvitenga viwili hivyo.

Akina mama wa pwani hawahitaji kufundishwa habari za shaba. Sinia, birika na mrashi huzisafisha kwa ndimu, ukwaju na majivu, nazo hurudi kama zilivyotoka dukani. Lakini tuulize, ni kitu gani kinachoondoka? Asidi ya ndimu huyeyusha ule utando wa juu, na utando wenyewe ni shaba iliyogeuka kwa hewa na miaka. Majivu hukwaruza. Kila mara kipande chembamba cha chombo chenyewe humwagwa pamoja na maji machafu. Kwenye sinia si neno, kwa sababu ni chombo cha kulia, na kutu ya kijani ya shaba ni sumu tumboni. Beji haili mtu ndani yake.

Sasa tufikie jambo lililotufanya tuandike. Nishani za fedha za Vita Vikuu vya Kwanza zilipigwa chapa ukingoni: namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Ama zile za Vita vya Pili walizotoa Waingereza, kwa kawaida zilitoka bila jina lolote. Nyota ya Burma, yenye ncha sita, iliyotengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na zinki, ni ile ile kwa mtu wa Mbooni na kwa mtu wa London. Wakamba walijaa katika Keya kuliko makabila mengi ya Kenya, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru, iliwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa masika makali ya 1944, hata ikafika Kalewa mwezi wa Desemba. Nyota iliyorudi nyumbani kutoka huko haisemi ilikuwa kifuani mwa nani. Ushahidi uliobaki ni hali yake tu: pini iliyopinda, utepe uliopauka, ule uhudhurungi uliokaa ndani ya herufi. Isugue, nayo itafanana na nyingine yoyote iliyoko sokoni. Hata wanunuzi wa vitu vya kale huwa wanashusha bei ya nishani iliyosuguliwa, ingawa hatudhani mama huyu ana nia ya kuuza.

Hata hivyo, si kila kilicho juu ya shaba ni cha kuheshimiwa. Utando wa kahawia, mgumu, uliolala sawasawa, hauli. Bali huikinga shaba iliyo chini yake. Lakini madoa ya kijani kibichi, yanayotoka unga yakiguswa, ni ugonjwa, na husababishwa na chumvi pamoja na unyevu. Hapa mama wa Kisauni ana shida ambayo shangazi hana. Mbooni ni milimani, mbali na bahari, na beji ilikaa huko miongo mingi pasi na madhara. Mombasa upepo wenyewe una chumvi. Kitu kilichosalimika maisha mazima huko juu chaweza kuanza kuliwa hapa katika misimu michache.

Unga huo wa kijani na uondolewe, taratibu, kwa kijiti cha mti kilichochongwa au mswaki laini mkavu, bila dawa ya kung'arishia. Vumbi lifutwe kwa kitambaa cha pamba. Vidole visiguse uso wa shaba, kwani jasho nalo ni chumvi. Utepe usifuliwe, maana rangi zake huchuja. Kisha vitu vyote viviringishwe katika pamba safi na kutiwa ndani ya mkebe unaofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya kufyonza unyevu tunavyovikuta ndani ya maboksi ya viatu. Au, na hili ndilo twaliona bora, mkebe urudi Mbooni kwa shangazi, na wajukuu wa pwani wauone kila wapandapo.

Kijana akiona uchungu, na apelekwe Barabara ya Jomo Kenyatta hapa Mombasa, awaangalie askari wa shaba waliosimamishwa kwa ajili ya vita vya kwanza. Hawang'ai. Wa Dar es Salaam, aliyezinduliwa mwaka 1927, naye hang'ai, na hatujapata kumsikia mpita njia akiwaona wachafu.

Nguvu zake kijana azitumie pengine. Shangazi ndiye wa mwisho katika ukoo aliyemwona babu amevaa vitu hivi. Amketie na daftari, amuulize jina kamili, kijiji, kikosi, mwaka wa kuondoka na mwaka wa kurudi, na ni nani walioondoka naye wasirudi. Ayaandike kwa kalamu ya risasi, maana wino hutawanyika kwa unyevu. Karatasi hiyo iwekwe katika mkebe huo huo, lakini isigusane na shaba.