Injini Iliyolala Haiamshwi kwa Mkono

Inapotajwa ndege ndogo iliyokaa hangani mwaka mzima bila kuruka, swali la kwanza la mwenye ndege huwa ni lilelile: propela, au rafadha kama kamusi zinavyoiita, ilipaswa kuzungushwa kwa mkono mara ngapi kwa juma ili injini isishike kutu? Swali hilo limejibiwa mara nyingi mno na bado linaulizwa, kwa sababu kosa lake halimo katika hesabu ya mizunguko bali katika dhana iliyolizaa, kwamba kuizungusha propela ni namna ya kuipaka injini oili. Dhana hiyo si kweli kwa injini zinazobeba sehemu kubwa ya ndege ndogo za leo, na kila fundi aliyewahi kuifungua injini iliyotunzwa kwa mtindo huo ameyaona matokeo yake.

Mfano mzuri ni Lycoming O-320, iliyofungwa katika matoleo mengi ya Cessna 172 kuanzia lile la 1968. Injini hiyo ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na oili yake hukaa katika beseni chini. Krankishafti, yaani mhimili mkuu unaoendeshwa na pistoni, hupata oili kwenye beringi zake kwa msukumo wa pampu. Kemshafti, mhimili wenye vinundu vinavyosukuma tapeti ili valvu zifunguke, umewekwa juu ya krankishafti, na vinundu hivyo, pamoja na kuta za silinda, hutegemea oili inayorushwa na krankishafti inapozunguka mamia ya mara kwa dakika, pamoja na ukungu wa oili unaotanda ndani ya injini. Mkono wa binadamu hauwezi kurusha oili hiyo hata tone. Unachoweza ni kuzisogeza ringi za pistoni zikwangue utando wa oili uliosalia ukutani, na kuviburuta vinundu chini ya tapeti zinazokandamizwa na springi za valvu hadi navyo vibaki vikavu. Lycoming yenyewe imeeleza kwamba baada ya kuzungusha hivyo mara mbili au tatu bila kuwasha, silinda, kemshafti na tapeti hubaki bila utando unaofaa, na kwamba zoezi hilo lina madhara kuliko faida. Kwa maneno mengine, anayezungusha propela kila Jumamosi kwa nia njema huwa anaifuta injini yake kwa kitambaa.

Imani hii ina vyanzo viwili. Cha kwanza ni injini za zamani za mviringo, zile ambazo silinda zake zimepangwa kama miale kuizunguka krankishafti, mfano Pratt & Whitney R-985 ya ndege aina ya Beaver. Humo oili huchuruzika polepole na kujaa katika silinda za chini, na kwa kuwa oili haibanwi kama hewa, injini ikiwashwa katika hali hiyo mkono wa pistoni hupinda au silinda hupasuka. Ndiyo maana wahudumu huizungusha propela kwanza, ili wahisi kama kuna silinda iliyogoma. Huo ni ukaguzi wa dakika chache kabla ya kuwasha, na haujawahi kuwa tiba ya kutu.

Chanzo cha pili kinastahili heshima zaidi, kwa kuwa kiliandikwa: vitabu vya mwongozo vya Cessna 172 vya miaka ya 1970 viliagiza propela izungushwe mizunguko mitano kila siku ya saba. Wanaoutaja ukurasa huo kwa fahari husahau kwamba agizo lilihusu ndege inayosimama kwa muda usiozidi siku 30, na kwamba baada ya siku hizo kitabu kilitaka ndege iruke nusu saa, au injini iendeshwe ardhini hadi oili ipate joto la kutosha, huku kikionya dhidi ya kuiendesha ardhini kupita kiasi. Kuuchukua ushauri wa mwezi mmoja na kuutandaza juu ya miaka miwili ni kukisingizia kitabu, na hata kwa mwezi huo mmoja, neno la aliyeitengeneza injini lina uzito kuliko la aliyeinunua na kuifunga kwenye ndege yake.

Lipo pia jambo ambalo halihusu kutu kabisa. Magneto, jenereta dogo la sumaku linalozipa plagi umeme, huendeshwa na mzunguko wa injini wenyewe na halihitaji betri. Swichi inapozimwa, kinachofanyika ni kuuelekeza umeme huo kwenye bodi ya injini kupitia waya mmoja mwembamba. Waya huo ukikatika, magneto huwa hai ilhali ufunguo umo mfukoni mwa mwenye ndege, na kwa kuwa injini nyingi zimewekewa kifaa cha springi kinachoipa magneto nguvu hata katika mzunguko wa taratibu, propela inaweza kuruka ghafla mikononi mwa mtu. Kuikabili hatari hiyo kila juma, ili kuiharibu injini, ni biashara isiyoeleweka.

Wanaokubali hayo yote hukimbilia imani ya pili, kwamba basi injini iwashwe ardhini dakika kumi kila juma. Lita moja ya petroli inapoungua huzalisha takriban lita moja ya maji, na ingawa mengi hutokea kwenye ekzosi kama mvuke, sehemu fulani hupenya kando ya ringi na kuingia kwenye oili, ambako hukutana na mabaki ya risasi na bromini yatokanayo na petroli ya ndege na kuwa asidi. Maji hayo hayatoki mpaka oili ipate joto la kweli kwa muda wa kutosha. Lycoming hutaka safari ya angalau saa moja mfululizo kila siku 30, oili ikiwa kati ya nyuzijoto 74 na 93 za Selsiasi, na kiwango hicho huwa vigumu kufikiwa kwa usalama ardhini, ambako silinda hazipati upepo wa kuzipoza na hupata moto kwa namna isiyolingana. Dakika kumi za ardhini huongeza maji na kuyaacha humo, na kwa ndege inayolala Mombasa, Unguja au Mafia, penye hewa ya chumvi, hakuna mwaliko wa kutu unaozidi huo.

Ambaye angejua mapema kwamba ndege itasimama angeihifadhi ipasavyo: oili maalumu ya kuzuia kutu, silinda kunyunyiziwa ndani, plagi zenye chembe za kufyonza unyevu, matundu yote kuzibwa, na juu ya propela tangazo kwamba isizungushwe. Kwa aliyechelewa, kazi iliyobaki ni ya fundi mwenye leseni, na mpangilio wake ni mfupi. Daftari la injini lisomwe kwanza, maana O-320 ina kikomo cha saa 2,000 au miaka 12 kabla ya kufanyiwa matengenezo makubwa, na miaka huhesabiwa hata injini ikiwa imelala. Petroli ya zamani imwagwe, oili ibadilishwe, mipira iliyokauka iondolewe, na viota vya ndege, panya na nyigu vitafutwe, vikiwemo vya kwenye bomba la kupimia mwendo, ambalo kuziba kwake ndiko kulikoshukiwa katika ajali ya ndege ya shirika la Birgenair ya mwaka 1996 iliyoua watu 189. Kuta za silinda zitazamwe kwa kamera nyembamba kupitia matundu ya plagi. Kisha, plagi zikiwa nje na magneto zimezimwa, injini izungushwe kwa stata kwa vipindi vya sekunde 10 hadi 15, ikipumzishwa katikati, hadi geji ya oili ionyeshe pauni 20 kwa inchi ya mraba. Baada ya hapo plagi zirudishwe na injini iwashwe. Presha isipopanda ndani ya sekunde 30, izimwe papo hapo.

Hata hivyo kemshafti haitakuwa imeonekana, kwa kuwa katika injini hizi haifikiwi kwa macho bila kung'oa silinda, na mwenye ndege anayekataa silinda ing'olewe itambidi asubiri chujio. Baada ya saa kumi za kuruka, chujio la oili likatwe, karatasi yake ikunjuliwe na sumaku ipitishwe juu yake. Ikinasa vipande vya chuma, huenda kinundu kimekwisha kumomonyoka, na kubadilisha kemshafti kunahitaji injini yote ifunguliwe katikati.