Usiitupe Themostati ya Motokaa Yako

Barabara itokayo Embu kupitia Runyenjes mpaka Chuka na Meru hupanda na kushuka mabonde mengi ya mito iteremkayo kutoka Mlima Kenya. Motokaa ya zamani yenye mzigo mzito hupata taabu hapo, na mara nyingine maji ya rejeta huchemka. Mwenye gari huambiwa kuwa dawa ni kuing'oa themostati na kuitupa. Ushauri huo si mwema, na sababu zake ni hizi.

Themostati ni mlango mdogo ulio kati ya injini na rejeta. Ndani yake mna nta iliyofungwa katika kikopo cha chuma. Injini ikiwa baridi, mlango hufungwa, na maji huzunguka ndani ya injini tu ili ipate moto upesi. Joto likifika kiasi cha digrii 82 za Sentigredi, au 88 katika magari mengine, nta huyeyuka na kuvimba, ikausukuma mlango, na maji yakaenda kwenye rejeta kupozwa.

Injini isiyo na themostati hukaa baridi muda mrefu, hasa asubuhi za Julai. Petroli haigeuki mvuke vizuri, hivyo nyingi hupotea bure, na ile isiyoungua huosha oili katika kuta za silinda, pistoni zikalika. Tena, katika injini nyingine maji hupita njia ya mkato pasipo kufika kwenye rejeta, na gari huchemka kuliko kwanza.

Kuibadili si kazi ngumu. Ngoja injini ipoe kabisa. Kufungua kifuniko cha rejeta ingali moto ni kujitakia kuunguzwa uso. Punguza maji, ukiyakinga katika chombo safi. Fuata mpira wa juu wa rejeta hadi unapoingia kwenye injini. Kwa kawaida themostati imo chini ya kifuniko kilichofungwa hapo kwa boliti.

Ijaribu kwanza. Itundike kwa uzi katika sufuria ya maji juu ya moto, isiguse chini. Runyenjes iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na maji huchemka hapo kwa kiasi cha digrii 95. Basi themostati nzima yapasa kuanza kufunguka kabla maji hayajatokota. Isipofunguka, imekufa.

Nunua mpya yenye digrii zile zile. Upande wa springi kubwa na nta uelekee injini. Kama ina kitundu kidogo, kiwe juu. Kwangua gasketi ya zamani yote, weka mpya, kisha kaza boliti kidogo kidogo kwa zamu. Jaza maji polepole, washa injini kifuniko kikiwa wazi ili hewa itoke, ongeza maji, kisha funga.

Ikiwa themostati ilikuwa nzima, irudishe kwa gasketi mpya, utafute kosa kwingine: mkanda wa feni uliolegea, rejeta iliyoziba, au mpira unaovuja. Aliyeitupa themostati hakuponya ugonjwa wowote. Ameuficha tu, na gharama ya injini mpya itamfikia baadaye.