Mishipa Inayojificha Nyuma ya Shingo

Weka kidole kando ya koo. Unasikia mushipa unapiga? Sasa weka kidole kisogoni: husikii kitu. Lakini mishipa miwili inapanda pale, mumoja kuume, mungine kushoto, ndani ya matundu ya mifupa ya shingo. Ikifika ndani ya kichwa inaungana kuwa mumoja, na unalisha ubongo wa nyuma, ule unaotusaidia kuona, kumeza na kusimama bila kuyumba.

Mushipa huo ukizibwa, si kila mara mukono unalegea ao kinywa kinapinda. Baba anaamuka, nyumba inazunguka, anaona watu wawili mahali pa mumoja, anatembea kama mulevi. Jirani wanasema: amekunywa. Wengine: ni malaria, ao wamemuroga. Na saa zinapita! Kumbe kati ya watu 5 wenye kiharusi cha mushipa kuzibwa, karibu 1 amezibwa nyuma huko.

Namna gani munganga ataona kitu kilichofichwa na mifupa? Egas Moniz wa Ureno alipopiga picha ya kwanza ya mishipa ya kichwa, mwaka 1927, alitia dawa ndani ya mushipa wa shingo wenyewe. Leo wanapitisha mupira mwembamba mupaka shingoni, lakini mara chache kazi hiyo yenyewe inaleta kiharusi. Kwa hiyo wanaanza na njia zingine. Ekografi haina maumivu, lakini mifupa inaikinga, na vitu vingi vinaiponyoka. Skaneri inaona vizuri zaidi: sindano ya dawa ya ayodini mukononi, na picha ziko tayari kwa dakika chache. (Mwenye figo mbovu aseme mbele.) IRM inatumia sumaku kubwa, bila mionzi, na mara nyingi bila sindano.

Lakini ninyi wa kazi ya chuma, sikieni! Kama umesudere ao umenoa chuma, na siku moja kipande kiliruka ndani ya jicho, umwambie munganga kabla ya kuingia IRM, hata kama ni miaka mingi. Sumaku inaweza kukisogeza na kuharibu jicho. Wataangalia kwanza kwa radio.

Na mwenye kumupeleka mugonjwa asisahau kusema saa gani alionekana muzima mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu, na picha inatangulia.